Mjomba, Ulisikia Nini Siku Ile?

Nyumbani kwa dada yako,
Chumba cha mbele, penye meza ya kulia.
Jumamosi, baada ya vyombo kuoshwa.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa maandishi ili uitikie mpaka mwisho, maana nilipokuamkia mara ya mwisho kwa simu ulisema marahaba ukiwa tayari unaaga. Hali yako? Goti linapanda ngazi bila kukupigisha kelele? Na yule mwenye nyumba wako, bado anagonga ukuta ukicheka? Natumaini unacheka vilevile, maana kicheko chako ndicho pekee kinachosikika hapa bila simu.

Huku sisi tunaendelea. Kaka amezidi kunenepa na kuzidi kukanusha. Mkewe amebadilisha mapazia, na anayeingia lazima ayasifu kabla ya kukaa. Mimi bado niko kiwandani, mwisho kabisa wa mstari, pale kila shati linapopita mikononi mwangu kabla ya kupigwa pasi. Naligeuza ndani nje, navuta mshono wa kwapa, natazama kola kwenye taa, nakata nyuzi, na lenye kasoro nalirudisha kwa aliyelishona hata akininunia. Unasema kazi hiyo imeniharibu, kwamba siwezi kuona kitu kizuri nisikitafutie nyuma yake. Kaka naye ananiita Afande. Hayo nimeyazoea.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu unanipiga chenga. Nitampa mwenzangu wa kiwandani anayekuja huko kumwona binti yake aliyejifungua, na nimemwambia akukabidhi mkononi, asimwachie mtu mlangoni. Akikuambia kwamba nimemwomba pia akutazame uso unapoisoma, ni kweli nimemwomba.

Nikupe kwanza habari za moyo wa Mama, kwa mpangilio. Najua Kaka ameshakusimulia, lakini Kaka akisimulia jambo hutafuna nusu na kumeza nusu.

Ilianzia jichoni. Mama alikwenda kutolewa mtoto wa jicho, lile la kulia, kwa sababu alikuwa ameanza kusuka watu nywele kwa mistari iliyopinda na wateja wakaanza kunong'ona. Kabla ya kumfanyia lolote wakampima presha, ikawa juu, na daktari aliyemsikiliza kifua akasikia mlio asioupenda. Akasema jicho litangoja, moyo hauwezi kungoja. Mama akamjibu, "Haya mwanangu, asante sana," kana kwamba ameonyeshwa pa kukaa.

Tukapelekwa kwenye kipimo cha eko, kile cha kupakwa mafuta baridi kifuani na kutazamwa moyo kwenye kioo. Mpimaji alikuwa daktari kijana, kiatu kinang'aa, simu mbili mfukoni. Mimi niliruhusiwa kusimama kwenye pembe ya chumba. Alianza vizuri, anapiga stori na Mama. Kisha akasogea karibu na kioo. Akarudisha kile kifaa cha kupimia palepale kilipotoka, akakibonyeza zaidi, akakigeuza. Akatoka nje, akarudi na mwenzake, wakaanza kuzungumza kwa Kiingereza cha chinichini, vichwa vimegusana. Mjomba, mtu akirudia mshono mmoja mara kwa mara mbele yangu, sihitaji kuambiwa kwamba kuna kasoro.

Alisema kuna kitu cha duara kimekaa kwenye mlango wa moyo, upande wa kushoto. Alisema huenda ni uvimbe, huenda ni jipu, huenda ni damu iliyoganda, na kwamba kama ni uvimbe itabidi kifua kifunguliwe. Aliyasema yote hayo akiitazama fomu, hakunitazama mimi. Mama alikuwa anafunga vifungo vya blauzi yake polepole, na alipomaliza akamwombea baraka.

Tangu siku hiyo nikawa siamini mtu. Nesi akitabasamu, najiuliza anaficha nini. Akinuna, najiuliza ameona nini. Nilikuwa nafika kazini nimekwisha kuchoka, na nilirudisha mashati mengi sana wiki ile, mengine yakiwa hayana kosa lolote.

Halafu tukapangiwa daktari bingwa wa moyo. Ni mama mfupi, miwani imening'inia kwenye kamba shingoni, sauti ndogo ya mtu asiyewahi kugombana sokoni. Akamtuma Mama kwenye sitiskani, ile mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, mara ya kwanza kavu, bila dawa, mara ya pili akiwa amechomwa ile dawa ya kung'arisha mishipa. Picha zilipotoka akatugeuzia kioo. Nilimpenda kwa hilo tu, na palepale nikajionya nisimpende haraka.

Alivyotueleza ni hivi, nami nakuandikia kama nilivyoelewa. Kila mlango wa moyo umeshikiliwa na kitu kama pete. Watu wakishazeeka, hasa wanawake, na hasa wenye presha au figo zinazolalamika, kalsiamu huja ikajikusanya kwenye pete ile ikawa ngumu kama mfupa. Hilo wanaliona kila siku. Lakini kwa watu wachache sana, katikati ya ule ugumu huwa laini, na kunabaki uji mzito mweupe kama dawa ya meno, umefungiwa ndani ya ganda. Kwenye eko peke yake unafanana na uvimbe, na wapo waliowahi kupasuliwa kwa kudhaniwa ni uvimbe. Kwenye sitiskani ganda linaonekana jeupe pembeni, na ile dawa ya kung'arisha haiingii ndani. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mama. Daktari alisema, "Hii si saratani. Haisambai. Mlango unafunguka na kufunga vizuri. Tukidhibiti presha, tukaangalia figo na damu yake, tukarudia eko kila baada ya muda, tunaweza kuiacha ilipo."

Kaka alilia kwa furaha mbele za watu, tumbo lote linatikisika. Mimi nilibaki nakitazama kioo. Nilijiuliza, daktari gani huyu anaona kitu kimekaa ndani ya moyo wa mtu halafu anatabasamu na kusema tukiache? Nikaona wamemtazama Mama, wakautazama mwaka wake wa kuzaliwa, wakaamua kutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilimwambia hivyohivyo, Mjomba, usoni pake. Kaka alinikanyaga mguu chini ya meza mpaka kiatu kikanitoka. Daktari hakukasirika. Alinipa diski yenye picha zote akasema niipeleke popote ninapotaka.

Niliipeleka. Nilikwenda hospitali nyingine kabisa, upande wa pili wa mji, kwa msoma picha mmoja mrefu aliyekuwa anatafuna bigijii kama anaidai kitu. Sikumwambia nimeambiwa nini. Akatazama, akatafuna, akatazama tena, akaita wanafunzi wake waje waone, akasema maneno yaleyale ya ganda na dawa ya meno. Nilitoka pale nikimwambia Kaka kwamba lazima wamepigiana simu. Kaka akaniuliza, "Sasa Afande, unataka wakosee wote ndipo uamini?" Nikamwambia aendeshe gari.

Kwa hiyo ugonjwa wenyewe nimeukubali. Nimeuvuta, nimeugeuza, nimeutazama kwenye taa, hauna uzi unaoning'inia. Kinachonikosesha usingizi ni kitu kingine, na hapo ndipo wewe unapoingia.

Siku ileile daktari bingwa alimuuliza Mama swali. Alimuuliza kama amewahi kuhisi mkono au mguu umelegea ghafla, au ulimi umekuwa mzito, au mdomo umekwenda upande, au maneno yamemchanganyikia, hata kama ilikuwa kwa muda mfupi na ikapita yenyewe. Mama akajibu, "Hapana mwanangu, mimi mzima." Daktari akaligeuza swali, akaliuliza kwa njia nyingine. Mama akacheka, akasema, "Mzima kabisa, na wewe je, watoto hawajambo?"

Wewe unamjua dada yako. Unakumbuka alivyovunjika kifundo cha mkono akarudi nyumbani na plasta mpaka kwenye kiwiko, jirani akamuuliza habari za huko, akasema ni njema tu. Unakumbuka homa ile iliyomwangusha mlangoni, na bado akiwa chini alimjibu mgeni kwamba hajambo, apite ndani. Kwake kuulizwa hali ni kuulizwa hali, na jibu lake ni moja, awe anaulizwa na muuza nyanya au na mtu aliyeshika kalamu na faili. Anamjibu daktari kama anavyojibu salamu. Wala si yeye peke yake, sote kwenye ukoo huu tuko hivyo, na wewe ndiye profesa wetu.

Daktari alinivuta kando akanieleza kwa nini anang'ang'ania. Alisema kile kitu kinaweza kukaa kimya miaka yote bila kumsumbua, na kwa wengi ndivyo kinavyofanya. Lakini mara chache kipande kidogo, au damu iliyoganda juu yake, huweza kuchomoka, kupanda kichwani na kuleta kiharusi. Kama halijawahi kutokea, mpango ni ule wa kuangalia na kudhibiti presha. Kama limetokea hata mara moja, hata kama lilipita, basi mpango unabadilika. Watapima mapigo ya moyo kwa siku nzima, watapiga picha ya ubongo, watafikiria dawa za kuzuia damu isigande, na watakaa na wapasuaji kujadili kama kitolewe. Na kumfungua kifua mtu wa umri wa Mama si jambo jepesi, hakunificha hilo.

Mimi nilimwambia kwamba sijaona dalili yoyote. Ilikuwa kweli. Nilirudi nyumbani na ile kweli yangu, nikajaribu kulala nayo.

Kilichonigutusha kwanza ni mashine yako ya presha. Iko hapa mbele yangu, na mfuko wake wa zipu. Niliitumia siku moja kumpima Mama, nikawa naisifu kwa mke wa Kaka, kwamba Mjomba ana upendo, ametuma mashine. Halafu nikakumbuka siku ilipofika. Mashine hii ililetwa na msafiri wako kabla Mama hajaenda kuonyesha jicho. Wakati huo hakuna mtu katika nyumba hii aliyekuwa amelitaja neno presha. Mama alikuwa hajawahi kupimwa tangu alipomzaa kitinda mimba. Wewe huko uliko, ulijuaje kwamba dada yako anahitaji mashine ya presha?

Nikaanza kurudi nyuma, mshono kwa mshono. Wewe ni mtu wa kubipu, Mjomba. Usikasirike, hilo liko wazi kwa wote. Miaka yote unabipu, tunakupigia, unacheka, unakata. Jumapili tu ndiyo ulikuwa unampigia Mama mwenyewe. Ghafla ukaanza kupiga katikati ya wiki, tena unanipigia mimi, tena asubuhi kabla sijaingia kazini. Na swali lako likawa moja: "Dada anaongea vizuri?" Zamani ulikuwa unauliza kama bado anapika chumvi nyingi na kama bado ananisema kwa kutoolewa. Sasa unauliza anaongea vizuri. Nilidhani unamaanisha anaongea na watu vizuri, nikakujibu kwamba hajagombana na mtu.

Kisha jirani. Unamkumbuka yule wa mlango wa bluu, mwenye nywele nyingi na maneno mengi zaidi. Nilimwona amevaa kitambaa kichwani siku nyingi mfululizo, nikamtania kwamba amepata uchungaji. Akanijibu, "Muulize mama yako, aliniacha nusu kichwa." Nikamwomba arudie, akarudia kwa furaha, maana kurudia ndiyo starehe yake.

Anasema ilikuwa Jumapili. Yeye ameketi kwenye kibao barazani, Mama nyuma yake kwenye kiti anamsuka, simu iko juu ya stuli imewekwa sauti ya nje, na wewe unasimulia habari za mwenye nyumba wako na ukuta wake. Jirani anasema alikuwa amecheka mpaka anaumwa mbavu. Kitana kikaanguka. Mama akakiokota, kikaanguka tena. Akakiokota kwa mkono wa kushoto. Akasema mkono wa kulia umekufa ganzi, akachukua simu, akaizima sauti ya nje, akaingia ndani na kufunga mlango. Jirani akabaki pale na nusu ya kichwa, akingoja. Mama alipotoka alikuwa amenawa uso. Akamwambia arudi kesho, na kesho ikawa kesho ya daima. Hakusikia kitu zaidi, ingawa sina shaka kwamba alijaribu.

Nikamfuata Mama jikoni. Alikuwa anachagua mchele, miwani puani. Nilimuuliza bila kuzunguka. Hakuinua kichwa. "Mkono ulikufa ganzi. Nilikuwa nimesuka tangu asubuhi. Kama huamini, muulize mjomba wako, yeye ndiye niliyekuwa naongea naye." Aliyasema kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kupanga shahidi wake. Nikajua kuna njama, na nikajua wako wangapi ndani yake.

Nikakupigia. Unakumbuka, usiniambie hukumbuki. Nilikuuliza jambo moja tu, kama mliongea Jumapili ile jirani alipokuwa anasukwa. Hukuningoja nimalize. Ulisema, "Ah, siku ile mtandao ulikuwa mbovu kweli, sauti yake ilikuwa inakatikakatika tu." Mjomba, mimi nilikuwa sijakuuliza kitu kuhusu sauti yake. Sikuwa nimelitaja neno sauti. Nilisimama pale nje ya geti la kiwanda, simu sikioni, wenzangu wananipita wanaingia. Halafu ukacheka kile kicheko chako, ukaniambia nijipumzishe, ukakata.

Huyo jirani wa mlango wa bluu alikusikia vizuri mpaka akaumwa mbavu kwa kucheka. Mtandao ulikuwa mbovu upande mmoja tu?

Nilirudi kwa daktari bingwa peke yangu. Nilimwambia habari ya kitana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema mkono unaweza kufa ganzi kwa kusuka, na unaweza kulegea kwa sababu nyingine, na kitana peke yake hakimwambii ni ipi. Akasema kama yupo mtu aliyemsikia akiongea wakati ule, amweleze kwa maneno yake mwenyewe. Je, maneno yalikuwa mazito kama ya mtu mwenye chakula mdomoni? Au yalikuwa safi lakini hayana maana? Yalidumu muda gani? Yalirudi sawa ghafla au polepole? Ndivyo alivyoniuliza, nami nikayaandika yote. Namba yake ya kliniki nimeiandika nyuma ya ukurasa huu. Mama anarudi kwake Alhamisi, na daktari ataamua kwa alichonacho kwenye faili, na kwenye faili kwa sasa kumeandikwa kwamba mgonjwa hana dalili.

Sasa nikwambie la moyoni. Naogopa, Mjomba. Najua ukisema ulichosikia, huenda dada yako akalazwa kwenye meza na kifua chake kikafunguliwa. Huenda asirudi. Nimelifikiria hilo nikiwa na shati mkononi mpaka msimamizi akaniuliza kama nimelala. Kuna asubuhi nyingine nimeamka nikajiambia, Afande, mwache mjomba wako na mtandao wake, mkubali, mambo yaishe, Mama abaki na baraza lake na wateja wake. Nilitaka sana kukuamini. Ingekuwa raha.

Lakini kisha namwona amesimama peke yake jikoni, sufuria iko motoni, na mimi niko kazini, na hicho kipande kinachomoka kikubwa kuliko cha siku ile. Hapo nakasirika. Nakasirika na yeye, na zaidi nakasirika na wewe. Wewe ni mkubwa wangu, umenibeba mgongoni, sina mdomo wa kukufundisha. Ila kunyamaza huku hakumlindi. Kunamfanya daktari atibu mtu ambaye hayupo, mtu mzima asiye na dalili, wakati dada yako mwenyewe yuko hapa na kitana kinamponyoka.

Sitaki uniambie mimi. Ukiniambia mimi nitakutilia shaka, ndiyo tabia yangu. Mpigie daktari. Ikiwa kweli hukusikia kitu, mwambie hivyohivyo, kwamba sauti ilikatika na ilikatika namna gani. Ikiwa nimekosea, nitakuja huko kwa gharama yoyote, nikuombe radhi mbele ya huyo mwenye nyumba wako, na unicheke mpaka agonge ukuta.

Basi, kabla sijafunga. Kaka anakusalimu, anasema utume picha tuone nani amenenepa zaidi. Mkewe anakusalimu na mapazia yake. Jirani wa mlango wa bluu anakusalimu, anasema hukumaliza ile hadithi. Wadogo wote wanakuamkia.

Nimenyanyuka hapa mezani kwenda kumuuliza Mama salamu zake, kama ilivyo ada, na nimerudi sasa hivi.

Nilimkuta barazani, ameketi, hasuki mtu. Nikamwambia, "Namwandikia Mjomba, una salamu?" Akaniuliza, "Umemwandikia habari ya siku ile?" Nikasema ndiyo. Nilijiandaa kwa ukali wake. Akaitazama mikono yake, akasema, "Basi mwambie aseme."

Nikamwambia, "Mama, si wewe uliyemkataza?"

Akasema, "Nimkataze nini? Mimi mwenyewe sijui. Nilijisikia naongea sawasawa tu, namwambia mkono umekufa ganzi, nitampigia baadaye. Yeye akanyamaza. Akaanza kuniita, Dada, Dada, kana kwamba nimeondoka. Halafu nikamsikia analia, mtu mzima. Kila nikimuuliza nilimwambia nini cha kumliza, ananiambia mtandao."

Kumbe aliponiambia pale jikoni nikuulize wewe, alikuwa ananituma.

Mpigie daktari, Mjomba. Hizo ndizo salamu za dada yako. Mungu akupe moyo wa kulisema, na akuweke mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata nisipokuamini.